Mkamwana Upande wa Pili wa Kioo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa nyota wala darubini. Nilionyeshwa beseni. Nilikuwa nimepanda kutoka Matema tangu alfajiri, kwa ile njia ya mlimani inayojipinda mpaka magoti yaombe msamaha, na nilipofika juu nikamkuta Fundi Mkuu amekalia ndoo aliyoifudikiza, anakata kucha. Hata pole ya safari hakunipa.

"Onyesha mikono," alisema.

Nikaonyesha. Akaigeuza, akatazama kucha, kisha akaninusa vidole. "Umekula nini njiani?"

"Ndizi na dagaa usipa wa kukaanga, mzee."

"Kaoshe. Ukimaliza, kaoshe tena. Mafuta ya usipa yakigusa kioo changu, mlima huu utaushuka kwa kubingirika."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kutazama mbingu, na nyinyi vijana mnaobeba mwezi ndani ya simu msicheke. Watu hudhani darubini kubwa ni bomba lenye lenzi, kama zile za baharia. Sivyo. Darubini ya kituo chetu ilikuwa na kioo kikuu, kioo kizito cha upana wa mlango wa nyumba, kilichochongwa kikabonyea kidogo katikati kama sahani. Juu yake kilipakwa tabaka la alumini jembamba kiasi kwamba ukipitisha kidole umelichuna. Nuru ya nyota ikishuka inagonga pale, inakusanywa na kurushwa kwenye kamera. Kioo kikiwa kichafu, mtaalamu wa nyota hata awe na digrii za kujaza gunia, ataona giza tu.

Na kioo kilichafuka, jamani! Huku kwetu mvua hainyeshi, inamwagwa. Masika yote kuba lilifungwa, yaani lile paa la mviringo linalofunguka na kuzunguka, na unyevu ukaingia hivyo hivyo. Kiangazi kikija, watu wanachoma nyasi miteremkoni, masizi yanapanda. Halafu kuna kungu. Asiyetoka ziwani hawajui: ni wadudu wadogo wanaoinuka Ziwa Nyasa kwa mamilioni, ukiwaona kwa mbali utasema moshi. Mkuu wa Kituo wa kwanza, mgeni aliyejifunza Kiswahili chake misheni, alitoka mbio ofisini siku moja akipiga kelele, "Meli inaungua!"

Fundi Mkuu akatazama ziwani, akarudia kucha zake. "Meli hiyo, bwana mkubwa, watu wa Matema wataila kesho na ugali."

Mkuu alicheka sana alipoelezwa kwamba kungu huliwa. Kicheko kilikatika upepo ulipogeuka, kungu wakapanda mlima, wakaingia kwa mlango wa kuba na kutandaa kwenye kioo chetu. Tuliosha siku mbili.

Nyumbani Mbugani nilikuwa na kero nyingine. Mtaa mzima uliamini mimi ni mnajimu. Wafanyabiashara wa Kasumulu wakawa wanasimama mlangoni kuniuliza siku gani ni nzuri ya kuvusha mzigo Malawi. Nikawaambia mimi naosha kioo tu. Wakaniona mchoyo.

Sasa nieleze kuosha kwenyewe, maana ndiko kwenye habari yangu. Kioo kinashushwa kutoka kwenye mwili wa darubini kwa winchi ya mnyororo, taratibu, kikiwa ndani ya fremu yake ya chuma, kinalazwa kwenye toroli. Unavua saa, pete, mkanda, unatoa kila kitu mfukoni. Kwanza maji yanatiririshwa juu yake ili mchanga uondoke wenyewe. Kisha unachukua bonge la pamba ya hospitali, unalilowesha kwa maji ya sabuni laini, unalilaza juu ya kioo na kulivuta kwa uzito wake tu. Hukandamizi. Hurudi nyuma. Ukimaliza mvuto mmoja pamba hiyo unaitupa, unachukua nyingine. Mwisho unasuuza kwa maji yaliyokenekwa, yale mafundi magari wanayaita maji ya betri, kwa sababu maji ya kijito yanaacha madoa ya chumvi.

Mtu mmoja hawezi. Mkono haufiki katikati bila kuegemea, na kuegemea ni mwiko. Kwa hiyo mnasimama wawili, mkikabiliana, kioo katikati yenu, mnavuta pamoja na kuzunguka pamoja. Mmoja akitangulia, maji machafu ya huyu yanamkaukia yule. Nilianza kama mchota maji, nikawa mlinzi wa kuba, nikawa msaidizi, na miaka mingi nilisimama mbele ya Fundi Mkuu mpaka nikawa najua anapotaka kupiga chafya. Alipostaafu nikapewa cheo chake kwa jina jipya, Mtunza Kioo. Siku anashuka aliniambia neno moja tu la kazi: "Tafuta wa kukurithi mapema. Mimi nilichelewa, nikaishia kwako." Ndiyo ilikuwa shukrani yake. Nilimpenda mzee yule.

Nilitafuta. Vijana walikuja, wakaona baridi, wakaona kazi ya kufuta sahani kubwa, wakashuka. Ndipo akaletwa Atupele, binti wa Ipinda, ametoka chuo cha ufundi. Nikamwambia aonyeshe mikono, akaonyesha, na kabla sijanusa akasema, "Nimeosha mara mbili, mzee. Nilisikia habari zenu huko chini."

Binti huyo alikuwa na mkono. Sijui niseme vipi. Pamba kwake ilitembea yenyewe. Alikuwa akiuliza maswali mpaka nimkemee, na nikimkemea anacheka, anauliza tena. Kwa nini tusioshe asubuhi kabla kuba halijapata joto? Kwa nini tusivute kuanzia katikati? Mengine nilijibu, mengine nilisema "kwa sababu nimesema," na kesho yake nikafanya alivyosema yeye. Nikishuka likizo nyumbani sikuwa na habari nyingine. Atupele hivi, Atupele vile. Mke wangu, Mama Lusajo, akawa ananitazama kwa jicho la pembeni. Kumbe aliyekuwa anasikiliza kwa makini ni mwanangu Lusajo, anayefanya kazi ya kupakia mizigo kule Kasumulu. Siku moja akajitolea mwenyewe kuniletea mchele mlimani. Kijana ambaye hata ndoo ya maji alikuwa anaiona mzigo, amepanda mlima ule na mchele begani, anapiga mluzi! Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilimkaribisha, nikamtembeza, na nikamwita Atupele aje kumweleza kazi ya winchi.

Posa ilipelekwa, ng'ombe wakatoka, ndoa ikafungwa kanisani. Nilifurahi kama baba yeyote. Nikapata mkamwana ambaye ningemchagua mwenyewe kama ningeulizwa. Na siku hiyo hiyo nikampoteza fundi wangu.

Wasio Wanyakyusa niwaeleze. Kwetu kuna ukutila, heshima ya mwanamke kwa baba mkwe wake. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja anapinda kando; wakivunja, wazee husema uzazi unaharibika. Wengine siku hizi wameacha, na mchungaji wetu mwenyewe haoni ubaya wakiacha. Nyumba yangu haikuacha. Mama Lusajo alimwogopa baba yangu kwa heshima hiyo tangu alipoolewa mpaka tulipomzika mzee, na siku ya mazishi ndipo alipouona uso wake. Nani amwambie mwanamke huyo kwamba jambo hilo lilikuwa la bure?

"Ataacha kazi," alisema Mama Lusajo. "Mkamwana na mkwewe mlima mmoja, kuba moja, wanatazamana juu ya kioo! Mnataka wajukuu zangu wazaliwe vipi?"

Aliyejibu ni Atupele mwenyewe, akiwa jikoni, nami nikiwa sebuleni nimegeuzia mlango mgongo. "Mama," alisema, "kazi sitaiacha. Na heshima sitaiacha. Nipeni nafasi nione."

Aliporudi mlimani akapanda na bunda la nailoni nyeusi, ile ya kufunikia kakao mvua ikikaribia. Akaiosha, akaikausha, akaifunga kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta juu ya toroli, ikaning'inia mpaka karibu na kioo, ikaacha nafasi ya kupitisha mikono tu; badala ya kuzunguka sisi, sasa tungeizungusha toroli. Nguo ingemwaga nyuzi; nailoni haimwagi kitu. Nilipoingia kuba na kuiona nilielewa bila kuambiwa. Nikavua saa, nikaosha mikono, nikasimama upande wangu. Chini ya nailoni ikatokea mikono miwili yenye glavu, ikasubiri.

Kuongea ilikuwa tabu. Moja kwa moja haturuhusiwi, na mtu wa tatu hayupo. Basi nikaisemesha winchi. "Winchi," nikasema, "waambie wa upande wa pili pamba yao imelowa mno." Kisha sauti ya chini, "Winchi, sema tumesikia." Mkuu wa Kituo alipopita akatukuta watu wazima wawili tunazungumza na chuma, akatoka bila kuuliza.

Tulifanya kazi hivyo miaka. Lakini msidhani ilikuwa mchezo. Niliumia. Nasema wazi, niliumia. Yale maswali yake yaliisha, maana nani atamuuliza winchi swali refu? Kicheko kiliisha. Nilikuwa nikiona mikono yake inasita mahali, najua ana jambo, na jambo hilo linashuka naye mlima. Alipoharibikiwa mimba ya kwanza nilisikia kwa Mama Lusajo, na wako waliosema ni kwa sababu ya kuba. Wiki ile aliporudi kazini pamba yake haikutembea yenyewe. Nilitaka kumwambia pole, mwanangu. Nikaiambia winchi, "Leo tutakwenda polepole." Baadaye Mungu alijalia, wakapata watoto wawili, na midomo ya watu ikafungwa.

Muda wangu wa kustaafu ulipokaribia alikuwa amekuja Mkuu wa Kituo mpya, mama mmoja mwanasayansi kutoka kanda nyingine, mkali lakini wa haki. Sheria ya kituo ilitaka Mtunza Kioo anayeondoka amshuhudie anayeingia akiosha, aseme mbele ya Mkuu kwamba ameona. Mama Mkuu akaingia kuba, akatazama nailoni.

"Mzee, hili liguo litoke. Utashuhudiaje mtu usiyemwona?"

Kabla sijafungua mdomo, nyuma ya nailoni ikasikika, "Winchi, mwambie Mama Mkuu kazi nitaifanya akiwa amesimama popote apendapo. Lakini nailoni haitoki."

"Atupele, ujue nitalazimika kuomba mafundi kutoka nje. Cheo kitakwenda kwao."

"Winchi, sema nimeelewa."

Neno langu moja, "itoke," lingetosha. Mama Lusajo alikuwa mbali na mchungaji alikuwa ameshabariki. Ningemwona yule binti wangu wa maswali tena, na yeye angepata cheo chake bila mabishano. Lakini heshima ile ilikuwa yake. Aliibeba mwenyewe mlimani na bunda la nailoni, mimi sikumtwisha, na sikuwa na haki ya kumtua.

"Mama," nikasema, "mimi sijawahi kuosha kioo kwa uso. Kaa hapo ubavuni, utazame mikono, kisha utazame kioo. Ukiona kasoro, leta mafundi."

Alichukua kigoda, akakaa pale ambapo angeona pande zote mbili. Tukaosha. Sikusema neno, wala winchi haikuambiwa kitu. Mikono ile ilitoka chini ya nailoni, nikaifuata, tukavuta, tukazungusha, tukatupa, tukachukua. Tulipomaliza kusuuza Mama Mkuu alipiga tochi kwenye kioo kwa ubavu, kama sisi tunavyofanya kutafuta mistari. Alikagua muda mrefu.

"Nani alikuwa anaongoza?" aliuliza.

Nikasema sijui. Upande wa pili winchi ikaambiwa hawajui pia. Mama Mkuu akazima tochi. "Mzee, umeona?"

"Nimeona," nikasema, na sikuwa nadanganya.

Nilistaafu. Walinipa shuka, jiko la gesi na hotuba. Nikashuka Mbugani, nikalima mpunga kidogo, nikakaa. Nikadhani habari imeishia hapo: Atupele Mtunza Kioo kule juu, mimi mzee wa mtaa huku chini, na akija Jumapili na watoto anapitia jikoni, mimi nabaki sebuleni nasikia sufuria.

Kisha macho yakaanza ukungu. Jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia, mpaka ikabaki nuru tupu bila sura. Wapo waliosema nimetazama sana nyota, na hao nawasamehe kwa ujinga wao, mimi darubini nilichungulia mara chache tu maishani. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, kitu cha kawaida, kinaondolewa kwa upasuaji mdogo. Nikasema nitakwenda.

Kabla sijaenda ikafika Jumapili moja. Kule mlimani tabaka la alumini lilikuwa limeanza kubabuka ukingoni, na Atupele alihitaji kujua Fundi Mkuu wa zamani alifanyaje lilipotokea hilo. Hapa nyumbani winchi haipo. Akamtuma Mama Lusajo. Mama Lusajo akaja sebuleni akasema, "Anauliza, ukipaka alimini pembeni, chumvi inatoka?" Nikamwambia hicho hakiwezi kuwa ndicho alichouliza. Akarudi jikoni, akaja tena, akasema jingine baya zaidi. Safari ya tatu nikasikia sufuria imetupwa.

"Mimi si winchi yenu!" alifoka mke wangu. "Mtoto, ingia mwenyewe umwambie. Heshima ile ni ya macho, na huyu macho hana. Kaa mlangoni, mtazame miguu."

Nikasikia mkeka ukitandikwa. Halafu sauti, karibu, inaniambia mimi na si chuma: "Mugonile, tata."

Hiyo ni salamu yetu, na tata ni baba. Nililia, mzee mzima, na hakuna aliyenicheka. Sauti ilikuwa imekomaa, sauti ya mama wa watoto, lakini alipoanza kuuliza kuhusu alumini nikamtambua pale pale. Swali juu ya swali. Kwa nini ukingoni na si katikati? Je, ni fremu inabana? Tuliongea mpaka Lusajo akaja kuwachukua.

Tangu siku hiyo kila Jumapili alikaa mlangoni pale tukaongea. Na kila Lusajo alipopanga safari ya hospitali nikapata udhuru. Mafua. Mvua. Mpunga. Nikamwambia naogopa kisu, na kijana akaamini. Mchana sikuweza kumwaga chai bila kuungua, sikuwaona wajukuu wanaokua, lakini Jumapili ilikuwa yangu. Nikaona bora hivyo.

Juma lililopita Atupele aliniuliza, kwa ule wingi wetu wa heshima, "Tata, kweli mnaogopa kisu?"

Nikaanza habari ya mpunga. Hakunifuata huko, na nikajua amejua, kama alivyokuwa akijua kioo kinapoanza kukauka.

"Nendeni," alisema. "Wajukuu wanataka muwaone. Mimi heshima sitaivunja mkiona, na ninyi hamtaniomba niivunje. Lakini nendeni, tata. Nawaomba."

"Ndaga, mwanangu," nikasema. Ndaga ni asante.

Gari limepangwa, ni kesho. Mama Lusajo amepiga pasi kaunda suti yangu kana kwamba daktari anapasua suti. Mungu akipenda nitarudi naona, na nikirudi naona, Atupele atakuwa jikoni.

Haya naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa, mimi nasema yeye anaandika, na nikimaliza haya machache nitamwambia apumzike. Leo mama yake amekuja mapema kuliko Jumapili zote. Hakuleta swali lolote la kazi. Amekaa mlangoni na ungo, anachambua mchele, anasimulia bei ya usipa Matema, nani kaoa, mvua ilivyobomoa njia ya mlimani, mwanafunzi wake mpya asiyejua kukata kucha. Anaongea na hamalizi. Chakula kimepoa, na hakuna aliyesogea.